Ajira ya reli ikitazamwa kutoka Dodoma: nani anaajiri, na mtu hupanda vipi

Tangu treni za umeme zilipoanza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, swali la namna ya kupata kazi kwenye SGR, yaani reli mpya ya kisasa, limekuwa la kawaida vyuoni na vijiweni, na majibu yanayotolewa hukinzana kwa sababu kila anayejibu ana mlango wake anaoufahamu. Mmoja ana binamu aliyefunga nondo kwenye daraja la reli, mwingine ana jirani anayekagua tiketi katika kituo cha Mkonze, na wa tatu ana mjomba aliyestaafu akiwa stesheni masta kwenye njia ya zamani. Wote hao wanahesabiwa kuwa watu wa reli, lakini hawakuwa na mwajiri mmoja, hawakuchangia mfuko mmoja wa hifadhi ya jamii, na ngazi walizopanda hazikukutana mahali popote. Ndiyo maana kijana anayekusanya ushauri wao wote kwa pamoja hubaki amechanganyikiwa kuliko alivyoanza.

Mgawanyiko wa kwanza ni kati ya anayejenga reli na anayeiendesha. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, na kile cha Morogoro hadi Makutupora mkoani Singida kinachopita Dodoma, vilijengwa na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki chini ya mikataba na Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC. Maelfu ya Watanzania waliofanya kazi katika ujenzi huo, kuanzia madereva wa malori ya kokoto hadi wapimaji wa ardhi, walikuwa waajiriwa wa mkandarasi au wa wakandarasi wadogo walio chini yake, na mikataba yao ilifuata uhai wa mradi. Kazi ya namna hiyo ina faida zake, kwani hufundisha haraka na huacha cheti cha uzoefu chenye uzito, lakini haimhamishi mtu moja kwa moja kwenda TRC pale reli inapokabidhiwa. Wapo waliodhani kwamba kuwa kazini siku treni ya kwanza ilipopita kungewapa nafasi ya kudumu, na walilazimika kuomba upya kama mtu mwingine yeyote.

Tofauti hiyo huonekana hata kwenye karatasi ya mshahara. Mfanyakazi wa mkandarasi, kwa kuwa yuko sekta binafsi, huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mtumishi wa umma aliyeajiriwa baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 huingia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ambako yeye hukatwa asilimia 5, na mwajiri hulipa asilimia 15. Jumla ni ileile, lakini kwa mtu anayelinganisha ofa mbili zenye mshahara unaokaribiana, tofauti ya makato si ndogo. Kundi la tatu ni la walinzi na wafanya usafi wa stesheni, ambao kwa kawaida huajiriwa na kampuni zenye zabuni na si shirika lenyewe, hata kama wanashinda stesheni kutwa nzima na abiria huwaona kuwa ndio sura ya reli. Kundi la nne, ambalo husahaulika, ni la msimamizi: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo haiendeshi treni yoyote bali husimamia usalama na nauli, na nayo huhitaji wahandisi na wakaguzi wanaoijua reli.

Kwa anayetaka kazi ya kudumu katika kuendesha treni, basi, mwajiri mkuu ni TRC, na hapa historia fupi ina faida yake kwa sababu inaeleza kwa nini wazee wa reli husimulia ajira zao kwa namna tofauti kabisa. Shirika lilianzishwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Mwaka 2007 uendeshaji ulikodishwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, ikazaliwa kampuni ya TRL, huku njia na majengo vikibaki mikononi mwa kampuni nyingine ya serikali, RAHCO. Mpangilio huo haukudumu, serikali ikarudisha hisa, na Sheria ya Reli namba 10 ya mwaka 2017 ikaunganisha TRL na RAHCO kuwa TRC ya sasa. Mfanyakazi aliyeanza kazi miaka ya tisini amepita kwa waajiri watatu bila kuhama dawati lake. Anaposema kwamba aliajiriwa kwa kupeleka barua kwa mkuu wa karakana, anasema kweli, lakini ni kweli ya wakati ule.

Siku hizi nafasi za TRC hutangazwa na kuchujwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye mfumo wake wa kielektroniki. Mwombaji mwenye sifa huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Wanaovuka hukutana na usaili wa vitendo kwa kada za ufundi na udereva, kisha usaili wa mahojiano. Aliyefaulu lakini nafasi zisimtoshe, jina lake huhifadhiwa kwenye kanzidata, na anaweza kupangiwa kazi baadaye bila kusailiwa tena, jambo ambalo wengi hawalijui, kwa hiyo hukata tamaa mapema au hubadilisha namba ya simu. Anayeajiriwa huanza na muda wa majaribio wa miezi kumi na miwili kabla ya kuthibitishwa kazini. Nikiri upendeleo wangu: utaratibu huu ni mrefu na huchosha, lakini kwa kazi ambayo kosa la mtu mmoja linaweza kuua mamia, napendelea mchujo mrefu kuliko barua iliyopita chini ya meza.

Elimu inayotakiwa hutegemea kada, na hapa ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha zaidi, kwa sababu husikika kana kwamba shahada ndiyo ufunguo wa kila mlango. Chuo cha reli cha Tabora kimekuwa chimbuko la mafunzo ya uendeshaji na ufundi wa reli kwa vizazi kadhaa. Vyuo vya VETA hutoa mafundi umeme, mafundi mitambo na wachomeleaji, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hutoa wenye stashahada na shahada. Mwenye astashahada ya ufundi anaweza kuingia reli mapema na kupata uzoefu ambao mhitimu wa uhandisi atausubiri miaka. Kwa upande wake, mhandisi hapaswi kujiita mhandisi kisheria mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usajili huo huhitaji kipindi cha kazi chini ya uangalizi baada ya kuhitimu. Shahada peke yake, kwa hiyo, humfikisha mlangoni tu.

Ndani ya shirika, kazi zimegawanyika katika familia ambazo hazichanganyiki kirahisi. Kuna wanaoendesha treni na kuzielekeza, wanaotunza njia, wanaotunza umeme, ishara na mawasiliano, wanaokarabati vichwa na mabehewa, na wanaouza tiketi, kupokea mizigo na kuhudumia abiria. Fedha, sheria, ununuzi na rasilimali watu zipo pia, lakini mhasibu wa reli ni mhasibu kama wa halmashauri, na anaweza kuhamia huko kesho. Familia tano za kwanza ndizo zinazoifanya kazi ya reli kuwa ya pekee, kwa sababu sifa zao haziuziki kwa urahisi nje ya reli, na kinachompandisha mtu humo ni idhini, yaani ruhusa rasmi ya kufanya kazi fulani.

Dereva wa treni ndiye mfano ulio wazi zaidi. Watu hudhani kwamba akishajua kuendesha, amejua. Lakini Dodoma inapitiwa na reli mbili zilizo tofauti karibu kwa kila kitu. Ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli, na treni zake huvutwa na vichwa vya dizeli. Mpya ina upana wa milimita 1,435, hupokea umeme wa kilovolti 25 kutoka kwenye waya wa juu, na treni zake za abiria zimekusudiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo treni huhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame, kwa hiyo dereva akisubiri kukiona kitu mbele kwa macho yake, amechelewa. Ndiyo sababu njia mpya hutumia mfumo wa udhibiti wa Ulaya ambao humletea dereva kwenye skrini, kwa redio, kibali cha kwenda mpaka mahali fulani na kasi inayoruhusiwa, na hufunga breki wenyewe iwapo atapitiliza. Dereva wa dizeli mwenye miaka ishirini ya kupanda na kushuka milima ya Kilosa ana hazina kubwa ya maarifa, lakini haingii kwenye kabini ya treni ya umeme bila mafunzo mapya, mitihani mipya na safari za kuendesha chini ya usimamizi. Lazima ajue, kwa mfano, mahali ambapo waya una pengo lisilo na umeme kati ya kituo kimoja cha kupooza umeme na kingine, ambapo treni hupita kwa msukumo wake yenyewe, kwa sababu akisimama hapo hataondoka bila msaada.

Idhini hiyo ina tabia tatu ambazo mtu wa nje hazioni. Hufungwa kwenye aina ya chombo na kwenye njia mahususi, kwa maana dereva huidhinishwa kwa kipande anachokijua kwa kona, miteremko na stesheni zake. Hupitwa na wakati, hivyo hurudiwa kwa mitihani ya kanuni na vipimo vya afya, hususan macho na uwezo wa kutofautisha rangi. Tena yaweza kusimamishwa siku hiyohiyo kukitokea tukio, hata kabla ya kujulikana nani mwenye kosa. Kijana mwenye tatizo la kutofautisha rangi nyekundu na kijani ni vyema akapimwe kabla ya kutumia ada ya chuo, kwani familia nyingine za kazi zitampokea lakini kabini haitampokea.

Ukali wa mambo haya una sababu ambayo wenyeji wa Dodoma wanaikumbuka. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu mkoani humu, treni ya abiria iliyoshindwa breki ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Ajali ya namna hiyo haieleweki kwa kumtazama dereva peke yake. Kabla treni haijaondoka, mkagua mabehewa hupaswa kupima breki kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Wakati treni iko njiani, mwongoza treni katika chumba cha udhibiti ndiye anayejua nani yuko nyuma ya nani. Na kanuni za kuilinda treni iliyokwama mlimani huwahusu gadi (msimamizi wa treni aliyemo ndani yake), dereva na stesheni masta kwa pamoja. Kila mmoja wao anashikilia kipande cha usalama ambacho mwingine hawezi kukishika kwa niaba yake, na ndiyo sababu shirika la reli hupandisha watu polepole kwa kiasi kinachowaudhi vijana.

Mwongoza treni anastahili kutazamwa zaidi ya anavyotazamwa. Hana sare inayopigwa picha, na abiria hamjui, lakini ndiye anayeamua treni ya mizigo isubiri stesheni ipi ili ya abiria ipite, afanye nini umeme ukikatika kipande cha kati, na mafundi wa njia waruhusiwe kufunga njia saa ngapi na kwa muda gani. Anayekaa chumba cha udhibiti kwa miaka michache huiona reli nzima, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali bora zaidi pa kumlea meneja wa baadaye, kuliko kabini na kuliko ofisi ya makao makuu. Hata hivyo vijana wachache huiomba kazi hiyo kwa makusudi.

Familia ya njia nayo ina historia yake katika mkoa huu. Reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto, na mafuriko yameikata mara kwa mara. Yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisimamisha kwa miezi. Gangi za njia zinazotembea kwa miguu kukagua mataruma, misumari na kokoto ndizo zinazogundua tuta lililoanza kulika kabla treni haijafika. Njia mpya imepita juu zaidi, kwenye mahandaki na madaraja, na ukaguzi wake hutegemea mashine zaidi, lakini mtu anayejua kusoma ardhi wakati wa masika hajapoteza thamani yake. Kutoka gangi mtu anaweza kuwa mnyapara, kisha fundi sanifu akijiendeleza kielimu. Bila kujiendeleza, hubaki pale alipo hata kama anaifahamu njia kuliko mhandisi wake.

Hapo tunafika kwenye ngazi yenyewe. Kupanda cheo katika utumishi wa umma hufuata muundo wa utumishi wa kila kada, unaotaja sifa na miaka ya kukaa daraja moja kabla ya jingine. Hufuata pia tathmini ya utendaji, ambayo sasa hujazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Na juu ya yote hutegemea ikama na bajeti, yaani kuwepo kwa nafasi na fedha ya kuilipia. Mtumishi anaweza kutimiza mambo mawili ya kwanza na akasubiri la tatu. Vilevile, aliyeongeza elimu akiwa kazini hapandi kwa sababu tu ameleta cheti kipya, kwani anapaswa kubadilishiwa kada, na mara nyingi mabadiliko hayo humwanzisha kwenye daraja la chini la kada mpya. Fundi aliyeacha daraja la juu la ufundi ili awe mhandisi wa chini anapaswa kupiga hesabu ya miaka, si ya mwezi mmoja, na inafaa apate kibali cha mwajiri kabla ya kwenda masomoni, kwa sababu masomo yasiyo na kibali huleta ugumu wakati wa kutambuliwa.

Ratiba ya kazi ndiyo inayowatoa wengi kabla ngazi haijawatoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mtu wa ofisini hizo ni namba za kusoma mara moja. Kwa mfanyakazi wa treni ndizo maisha yake, kwa sababu zamu humpeleka kulala mbali na nyumbani, sikukuu humkuta akiwa kazini, na treni iliyochelewa humega mapumziko yake. Anayeziba pengo la mwenzake kila mara kwa ajili ya fedha za saa za ziada huonekana mchapakazi, lakini uchovu ni hatari inayotambuliwa katika reli za dunia nzima, na msimamizi makini humzuia badala ya kumsifu. Chama cha wafanyakazi wa reli, TRAWU, kina kazi ya kufanya hapa kuliko katika jambo jingine lolote, na mwajiriwa mpya anayesoma mapema mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, hujiepushia ugomvi wa baadaye.

Kwa mkazi wa Dodoma kuna jambo moja la mahali ambalo tangazo la nafasi hulitaja kwa maneno machache: kituo cha kazi. Makao makuu ya TRC yako Dar es Salaam, karakana kubwa ya vichwa vya dizeli iko Morogoro, na mwajiriwa wa umma hupangiwa popote shirika lilipo na shughuli. Kuishi Mkonze au Ihumwa hakumpi mtu haki ya kupangiwa Dodoma, na anayeomba kazi akiwa ameshaamua kutohama hujiandalia mgogoro na mwajiri wake. Lakini ramani yenyewe inabadilika. Ujenzi wa njia mpya unaendelea kutoka Makutupora kuelekea Tabora, Isaka na Mwanza, na siku treni za umeme zitakapovuka Makutupora, Dodoma haitakuwa tena mwisho wa safari za abiria bali kituo cha katikati. Vituo vya katikati huhitaji mambo ambayo vya mwisho havihitaji kwa kiwango hichohicho: wafanyakazi wa treni kupokezana, mafundi wa kushughulikia hitilafu ndogo bila kuitoa treni njiani, na wasimamizi wa zamu wa kuunganisha mashariki na magharibi. Serikali pia imekwisha kueleza nia ya kuruhusu kampuni binafsi kupitisha treni zao za mizigo kwenye njia ya umma, na hilo litaongeza mwajiri mwingine kwenye orodha, mwenye mkataba wa aina yake na mfuko wake wa hifadhi, ingawa dereva wake atalazimika kuijua njia ileile na kupokea kibali kutoka chumba kilekile cha udhibiti.